Siku Niliyomchagua Mtoto wa Habiba

Nimekana kwa miaka ishirini na ushei, na kila nilipokutana na mtu wa Garsen wa zama zile akaanza kutabasamu kabla hajanisalimu, nilimwahi kwa kumwambia kwamba ananichanganya na mwalimu mwingine (walimu wa kike tulikuwa wawili tu, na mwenzangu hakuwa hata na mtoto, lakini hilo sikulitaja). Leo nakubali. Ni mimi. Ni mimi niliyewekewa picha mbili za watoto wachanga juu ya meza ya duka, asubuhi, watu wamejaa, dereva wa lori anasubiri, nikaambiwa nionyeshe mwanangu ni yupi, na mwanangu huyo huyo nimempakata, nami nikanyoosha kidole kwa kujiamini kama mtu anayewaonyesha wanafunzi mto kwenye ramani, nikamchagua mtoto wa mwenzangu.

Nasema sasa kwa sababu mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, aliyekuwa ndiye hakimu wa jambo lote hili, alitangulia mbele ya haki mwaka jana, na mtu akishafika huko nadhani anajua mengi kuliko niliyomficha. Tena nimesoma mpaka chuo kikuu (kwa kuchelewa, na watoto wanne mgongoni), na nilichojifunza huko ni kwamba aibu ukiikalia sana hubaki pale pale, wewe ndiye unayechoka kukaa.

Basi nianze mwanzo, maana mwanzo wenyewe ulikuwa na adabu.

Niliolewa kwetu Kipini na Bakari, karani wa bandari ya Mombasa, mwanamume mpole, mwenye mwandiko mzuri na mama mkali. Baada ya harusi alikaa nami siku chache, likizo ikaisha, akarudi kazini, nami nikarudi Garsen nilikokuwa nasomesha na nilikokuwa naishi na mamangu, tukakubaliana kwamba mwaka wa shule ukiisha atakuja kunichukua. Lakini kabla ya mwaka kuisha nikajikuta mja mzito, na kabla ya ule uzito kutimiza muda wake mtoto akatoka mwenyewe, mwezi wa nane, bila kumshauri mtu. Tulimwita Omari. Alikuwa mzima, mwenye mashavu, na hayo mashavu ndiyo yaliyoniponza, kwa sababu habari zake zilifika Mombasa kabla ya barua yangu, na mavyaa wangu, ambaye hakuwa amesoma darasa hata moja, alihesabu miezi kwa vidole akaona mmoja haupo.

Barua ikaja. Mwandiko ulikuwa wa Bakari lakini sauti ilikuwa ya mama yake. Nikiisoma nilikuwa nikimsikia. Mama anasema mtoto wa miezi minane huwa mdogo kama kifaranga, na sisi tumesikia wako ana mashavu. Mama anasema akitoka arobaini apigwe picha, picha iletwe, aitazame damu yake mwenyewe. Akimwona ni wetu nitakuja kuwachukua. Asipomwona, tutazungumza.

Lile "tutazungumza" nililijua. Kwa akina Bakari, mazungumzo ya namna hiyo mwisho wake huwa mbele ya kadhi. Na usiniulize kwa nini sikumbeba mtoto nikapanda basi nikaenda kumwonyesha mtoto mwenyewe, kwani mke hajipeleki. Mke huitwa, na mimi nilikuwa nasubiri kuitwa na kipande cha karatasi.

Kwa hiyo picha ikawa ndiyo ndoa yangu, na kuchagua mpiga picha kukawa jambo zito kuliko nilivyomchagua mume (mume nilichaguliwa).

Garsen wakati ule, ukitaka kupigwa picha, wapiga picha walikuwa wawili, na wote walikuja na kuondoka. Wa kwanza alikuwa Mzee Kombo, aliyekuwa akizunguka masoko ya ng'ombe na sanduku lake la miguu mitatu. Alikuwa akiingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, akikwambia usipumue, na baada ya muda mfupi anatoa picha mbichi kutoka ndani ya sanduku lile lile, anaiosha kwenye ndoo, anaianika kwenye kamba kama leso. Ubaya wake ni kwamba kila mtu aliyepigwa na Mzee Kombo alionekana kama aliyetoka kupewa habari ya msiba. Nilikwenda kutazama picha alizozibandika ubaoni kuwavutia wateja, nikamwona bwana harusi mmoja ambaye nilijua kwa hakika kwamba alikuwa anacheka siku ile.

Wa pili alikuwa Bwana Sefu. Bwana Sefu alikuwa kijana wa Mombasa, ana miwani ya jua, ana kamera ndogo ya kuvaa shingoni, na picha zake zilikuwa laini, watu wamegeuza nyuso kidogo kama wanaofikiria mambo mazuri. Filamu zake zilisafishwa Mombasa. Wewe unapigwa leo, anaondoka nazo, picha unaletewa na lori baada ya wiki mbili tatu.

Mamangu alimtaka Mzee Kombo. "Huyu," akasema, "unaiona picha hapo hapo ingali inachuruzika maji. Ikiwa mbaya unaikataa mbele yake. Huyo wa miwani anaondoka na mtoto mfukoni, atakuja kukuletea nini wewe unajua?"

Mimi nikamjibu (ninakumbuka nilivyojibu, na ninakumbuka nilivyoinua kidevu) kwamba mambo ya sasa yana mpangilio wake, huko Mombasa wana vitabu na nambari, hakuna kinachopotea. Tena nikaona faida kubwa: Bwana Sefu mwenyewe angeweza kuipeleka nakala moja bandarini kwa Bakari, mkono kwa mkono, na nyingine akaniletea mimi. Picha ingefika kwa mavyaa wangu haraka, ikiwa safi, bila kukunjwa na mtu njiani. Huo ndio uamuzi wangu, na niliuona mdogo. Mama akasema haya, wewe ndiye uliyesoma.

Siku ya kupigwa picha tulikutana kwenye baraza ya duka la Abdi, Msomali aliyekuwa akiuza sukari, majani ya chai na mashuka kwa wachungaji waliokuja kuuza ng'ombe. Lori zilisimama mbele ya duka hilo, barua zilishushwa hapo, na mwenye kutaka kujua nani kaja nani kaondoka alikwenda kukaa pale. Mkewe Abdi aliitwa Habiba. Alikuwa amejifungua siku moja baada yangu, mvulana naye, na aliposikia mimi namleta Omari kupigwa picha naye akamtoa wake, Yusufu.

Sasa hapa ndipo wema wa mamangu ulipoingia, na ningekuwa na uwezo ningekwenda nyuma kuuzuia. Kwetu mtoto mchanga hatolewi mbele za watu akiwa mzuri. Husuda haina mwenyewe. Jicho linaweza kumpata hata kutoka kwa anayempenda. Kwa hiyo mtoto hupakwa wanja, si wa urembo bali wa kumharibu kidogo, nyusi huunganishwa ziwe moja, doa jeusi katikati ya paji, jingine shavuni, ili mwenye kumtazama aikasirikie mikono ya aliyempaka asahau uzuri wa aliyepakwa. Sasa ikiwa jicho la mtu ni la kuogopwa, mamangu alisema, je, hili la kioo, lisilopepesa? Akampaka Omari mpaka nilidhani anachora chui. Kisha akamwona Yusufu, uso mtupu, safi, anang'aa kama sahani, akaona haya kumwacha mtoto wa watu hivyo.

"Mlete nimfiche naye," akamwambia Habiba.

Habiba akamleta. Mama akampaka vile vile, kwa mkono ule ule, wanja ule ule, nyusi zile zile. Yusufu hakuwa na kofia, mama akamvua Omari yake baada ya kupigwa akamvisha yeye. Mkeka ulikuwa mmoja. Leso niliyomlazia Omari mama aliiacha pale pale alazwe juu yake Yusufu pia, kwa sababu ya Habiba ilikuwa imelowa (mtoto ni mtoto). Vichwa vilikuwa vimenyolewa vyote kwa ajili ya arobaini. Bwana Sefu akapiga mmoja, akapiga wa pili, akawasifu wote wawili, akavaa miwani yake akapanda lori, na sisi tukawaosha watoto wetu, kila mtu akaenda kwake.

Wiki tatu zikapita. Katika wiki tatu mtoto wa umri ule anabadilika mara nne. Nywele zikaanza kuota, mashavu yakaongezeka, pua ikaamua inakoelekea. Nami nilikuwa nikimtazama kila siku, na ukimtazama mtu kila siku hukumbuki tena alivyokuwa juzi.

Asubuhi ya lori, ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, Abdi alimtuma mtu aje kuniita. Nikaenda na Omari nimempakata. Duka lilikuwa limejaa: wanawake wa Ki-Orma na vibuyu vyao vya maziwa, wachungaji wanaotaka mashuka, watu wa Idsowe walioleta mahindi na ndizi, na dereva amesimama mlangoni anatafuna mswaki, injini haijazimwa.

"Mwalimu," dereva akasema, "nimeambiwa nisiondoke bila jibu, na mimi naondoka sasa. Huko mbele mvua imeanza."

Ndani ya bahasha aliyoileta mlikuwa na picha mbili na barua ndogo. Bwana Sefu alinisalimu sana, akaomba radhi, akasema filamu zilikuwa nyingi naye amesahau yupi ni yupi. Nakala nyingine za picha zote mbili anazo kwake. Tafadhali, Mwalimu, uandike jina nyuma ya picha ya mwanao, umpe dereva airudishe, nami nitaifananisha na nakala yangu na kuipeleka kwa mumeo siku hiyo hiyo. (Vitabu na nambari.)

Abdi akazilaza picha mezani, moja huku moja huku, akapangusa meza kwanza. Watu wakasogea.

Nikatazama. Walikuwa watoto wawili wazuri sana, waliolazwa kwenye mkeka mmoja, juu ya leso moja, ndani ya kofia moja, wenye unyusi mmoja mrefu kutoka sikio hadi sikio. Nikamtazama Omari mkononi mwangu, akanitazama. Hakufanana na yeyote kati yao. Nikatazama tena wa kushoto, nikaona ni yeye. Nikatazama wa kulia, nikaona ni yeye zaidi. Kichwani nikawa najiambia kwamba mama humjua mwanawe, hata mbuzi humjua wake katika zizi zima, nitulie tu, nitahisi. Sikuhisi chochote.

Ningesema sijui. Ni neno moja fupi, nami nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu kila siku kwamba si aibu kulisema. Ningeweza kusema ngojeni Habiba atoke (alikuwa nyuma, uani, anachemsha maziwa). Lakini watu wote wale walikuwa wananitazama, na mzee mmoja wa Ki-Orma, mteja wa kila mnada, akasema kwa upole, "Mwalimu anafikiri sana," na mtu akacheka.

Nikanyoosha kidole. "Huyu." Nikaomba kalamu, nikaandika nyuma, kwa mwandiko wa ubaoni, Omari bin Bakari. Dereva akaitia mfukoni, akatema mswaki, akaondoka.

Habiba akatoka uani anajifuta mikono, Yusufu amemfunga mgongoni. Akaichukua picha iliyobaki. Akaitazama kwa muda mfupi, mfupi kuliko mtu anavyotazama kama kumekucha.

"Hii si yangu," akasema. "Yangu wapi?"

"Hiyo ndiyo yako, Habiba."

"Hii yako, Mwalimu. Tazama mkono. Hii uzi nyeusi, mama yako nafunga. Yusufu mimi nafunga hirizi ya ngozi." Akamgeuza Yusufu akanionyesha kifundo cha mkono: ngozi ndogo iliyoshonwa, imefungwa kwa fundo lake. Kisha akaushika mkono wa Omari, akauinua watu wote wauone, na pale palikuwa na uzi mweusi wa mamangu. "Wewe naangalia sura. Sura ya toto nabadilika kila siku. Mimi naangalia mkono."

Nilimwekea Omari mikononi nikatoka mbio.

Sijawahi kukimbia hivyo tangu nilipovunja ungo, na sitakimbia tena. Lori lilikuwa linapita taratibu kwenye barabara ya mnadani, na ningelifikia, haki ya Mungu ningelifikia, lakini mara tu lilipopita, kundi la ng'ombe waliokuwa wanapelekwa mnadani likajaza njia nyuma yake, nami nikajikuta katikati yao, pembe huku pembe huku, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope, buibui limeshuka mabegani, napunga mkono na kuita "dereva, dereva" kama mtu aliyeachwa na basi. Ng'ombe mmoja akasimama mbele yangu akanitazama kwa makini. Mchungaji wake, kijana mrefu aliyejifunga shuka, akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nakimbilia nini? Mume nakwenda?"

Mume alikuwa anakwenda kweli.

Nikarudi dukani na kiatu kimoja. Habiba alikuwa ameketi na watoto wote wawili mapajani, na nilipomfikia kumchukua wangu, yule mzee wa Ki-Orma, bado yupo, hakuwa na haraka na maisha, akasema, "Pole pole, Mwalimu. Angalia mkono kwanza."

Duka zima likacheka. Mwanamke wa Idsowe akasema yeye ana saba na hajawahi kuwakosea, hata gizani huwajua kwa kikohozi. Mwingine akasema waliosoma macho yao huzoea vitabu. Na hapo, badala ya kucheka nao yakaisha, nikafanya jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Nikasimama wima (juu ya mguu mmoja wenye kiatu) nikasema, "Sikukosea. Niliyemchagua ndiye Omari. Siku ile mlibadilisha uzi na hirizi, mamangu alipokuwa anawapaka."

Hata mimi nilisikia ulivyokuwa upuuzi.

"Sawa," Habiba akasema. "Hii basi si yako?"

"Si yangu."

"Basi nakaa hapa mpaka mwenyewe nakuja."

Akaichukua ile picha, picha ya mwanangu wa kwanza, akaichomeka kwenye fremu ya kioo cha duka, juu ya makopo ya samli, kila mtu aione. Na hapo ikakaa. Kila siku nikitoka shule nilipita mbele ya duka lile nikamwona Omari wangu ananitazama kutoka juu ya samli, uso umejaa wanja, uzi mweusi mkononi, hana mwenyewe. Wageni wakiuliza ni mtoto wa nani, Abdi anajibu, "Mama yake namkana." Watu wakaanza kuja makusudi. Mamangu alikwenda kuiona, akarudi nyumbani, akangoja tumalize kula.

"Yule ni mjukuu wangu," akasema. "Mkono wangu naujua. Kachukue picha yako."

"Mama, nimeshasema si yangu."

"Umesema. Nami nimesikia. Sasa huko Mombasa mavyaa wako anatazama mtoto wa nani?"

Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Yusufu wa Habiba alikuwa na uso wake, na uso huo ulikuwa wa baba yake na wa babu zake wote. Mwanamke aliyekwisha kuhesabu miezi akakosa mmoja, aliyeapa kuitazama damu yake kwa macho yake, nimemtumia kwa mkono wangu, kwa jina langu, na kwa mwandiko wangu, picha ya mtoto wa jirani, mwanamume mwenye duka, tena ninapoingia kila siku. Kama ningekaa chini kutafuta namna ya kujimaliza nisingepata nzuri kuliko hiyo.

Niliandika barua ya kurasa nne ya kueleza ukweli. Mvua ile dereva aliyoitaja ikawa mvua kweli, Tana ikafurika, barabara ya Malindi ikakatika, barua yangu ikakaa ndani ya gunia la barua hapo hapo dukani kwa Abdi, hatua chache tu kutoka kwa ile picha. Wiki moja, ya pili, ya tatu. Usiku nilimfungua Omari nguo nikamtazama kila alama, nikazikariri kama mashairi, kovu la mbu, kidole cha mguu kilichopinda, na nikaapa (kiapo hiki sijakivunja) kwamba sitaonyesha tena kitu mbele za watu kama sikijui, na sitamkataa tena mtu wangu kwa sababu watu wanacheka.

Alasiri moja, wakati maji yameanza kupungua, karani wa ofisi ya serikali alikuja mpaka mlangoni mwa darasa. Ofisi ile ndiyo iliyokuwa na simu, moja tu, ya ukutani, ya kuzungusha mkono, na raia hakuitwa kwenye simu ile ila kwa kifo.

"Mwalimu," akasema, "unatakiwa kwenye simu. Mombasa. Mumeo ameomba kwa mkubwa wake wa bandarini. Uje upesi, hawatungoji."

Nilikwenda na Omari. Mama alinifuata. Habiba alituona tunapita naye akafunga meza ya duka, akambeba Yusufu mgongoni, akafuata, na nyuma yake walifuata waliokuwa dukani, maana hawakuwa na mtu wa kuwauzia. Tulipofika karani aliwazuia kwenye veranda, lakini dirisha lilikuwa wazi, na Habiba hakuzuiwa (sijui mtu angemzuiaje).

Nikashika simu. Ilikuwa inavuma kama mzinga wa nyuki. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima: Bakari, kabla hujasema lolote, picha ile si ya Omari, ni kosa langu, niliona haya kusema sijui.

"Bakari," nikasema, "kabla hujasema lolote."

"Husikiki," akasema. "Picha tumeipata. Mama yuko hapa. Nimemwambia nitakueleza mimi, hataki, anataka kusema mwenyewe."

"Bakari, nisikilize kwanza."

Lakini simu ilikuwa imeshaondoka mkononi mwake. Mavyaa wangu hakuwahi kushika simu maishani, na aliamini kwamba sauti inatakiwa ifike Garsen kwa nguvu za mwenye kuitoa, kwa hiyo kila mtu aliyekuwa ofisini na kila mtu aliyekuwa verandani alimsikia.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Nimemtazama. Wiki tatu namtazama. Usiku namwekea taa namtazama. Huyu ni marehemu baba yangu. Ni yeye mtupu, mdomo wake, alivyokunja uso wake, baba yangu alikuwa hivi hivi hata siku ya Idi. Nilikuwazia vibaya. Niliwaambia watu. Nitawaendea mmoja mmoja niwaambie tena. Unisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa, kutukanwa, kuachwa. Sikujiandaa kuombwa radhi na mtu mzima anayelia. Karani alitazama ukuta. Nyuma ya dirisha hapakuwa na aliyecheka, hata yule mzee wa Ki-Orma.

"Bakari anakuja kuwachukua maji yakikauka," mavyaa akaendelea. "Nimeshakuandalia chumba. Lakini wewe niambie kwa mdomo wako, mimi macho yangu ni ya kizee. Ni yeye, au siye?"

Nilimgeukia Habiba. Alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kusikia kila neno, na mgongoni mwake Yusufu, yule marehemu wa Mombasa, amelala mdomo wazi. Picha iliyokuwa inaliliwa ilikuwa ya mwanawe, si yangu kuitoa. Nadhani aliliona hilo swali usoni mwangu, kwa sababu alilijibu, polepole, bila kunong'ona.

"Sema ndiyo," akasema. "Ile karatasi tu, Mwalimu. Toto, kila mtu iko na yake."

Simu ikavuma. Kule mwisho wake mavyaa wangu aliuliza tena, safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeanza kuogopa jibu.

"Ni yeye, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni yeye."